Mapumziko Huanza Anapofika wa Mwisho

Siku ya pili ya safari tulimpoteza shangazi yangu. Tulikuwa wanane kwa baiskeli, tumetoka Asciano asubuhi kwenda kwenye monasteri ya Monte Oliveto Maggiore, kusini mwa mji wa Siena, mkoa wa Toscana, Italia, na barabara ile huanza kupanda mara tu unapouacha mji. Mimi nilikuwa mbele. Nilipofika Chiusure, kijiji kidogo kilichokaa juu ya kilima, nikaona kibao cha monasteri, nikakata kona, nikateremka. Aliyenifuata aliniona, na wa nyuma yake akamwona yeye. Shangazi alikuwa peke yake nyuma, hakumwona mtu, akashika barabara nyingine, ile inayoshuka kwenda San Giovanni d'Asso. Alishuka kilomita nne ndipo akashtuka. Kuzishuka zilimchukua dakika kumi. Kuzipanda tena zilimchukua karibu saa nzima, na jua la mchana liko utosini.

Alipotufikia tulikuwa tumekaa chini ya miti ya saiprasi. Maji tumekunywa, matunda tumekula, miguu imepoa. Mmoja wetu akainuka akasema, "Haya, twendeni." Shangazi hakugomba. Alisimama ameshika usukani, akatutazama, akasema, "Nyinyi mmeshapumzika, wanangu. Mimi je?"

Ni mwalimu mstaafu, amenizidi miaka ishirini na tano, na ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye vichochoro vya Malindi. Neno lake lilinichoma na bado linanichoma.

Tangu turudi, watu wananiuliza tulikodi baiskeli gani, visa tulipataje, pesa ngapi. Nitayasema yote hayo. Ila mtu akitaka kuchukua jamaa au marafiki akatembee nao mashambani Italia kwa baiskeli, kwanza nitamwambia habari ya shangazi, kwa sababu baiskeli ikiharibika hutengenezwa siku hiyohiyo, na kikundi kikivunjika moyo siku ya pili, siku zote zilizobaki ni za kununiana.

Jioni ile, baada ya kula, tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, njia panda haipitwi mpaka aliye nyuma yako akuone na akuinulie mkono. Haijalishi kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani, wala kama kila mmoja ana ramani kwenye simu. Unasimama. La pili, mapumziko huanza anapofika wa mwisho. Waliotangulia wakikaa nusu saa kivulini, hiyo ni hiari yao. Akifika wa mwisho ndipo tunahesabu dakika kumi, na yeye ndiye anayesema twende.

Sikutarajia mambo mawili madogo yabadilishe safari namna ile. Wenye mbio wenyewe walipunguza, kwani kuwahi kileleni sasa kulikuwa ni kungoja zaidi tu. Na walio nyuma waliacha kujiua kwa kukimbiza migongo ya wenzao, wakaanza kuinua vichwa na kuona walikofika. Halafu tukaweka mfunga msafara, zamu kwa zamu, mtu mwenye nguvu anayekaa nyuma ya wote kwa hiari. Pampu, tyubu za akiba, bisibisi na kisanduku cha dawa vikae kwake. Sisi mwanzoni tulimpa vitu hivyo kiongozi wa mbele, na ni kosa, maana anayepata pancha anabaki nyuma na pampu inaendelea na safari.

Sasa njia yenyewe. Tulianzia Siena, tukalala Asciano, kisha Buonconvento, kisha Montalcino, kisha San Quirico d'Orcia, ambako tulilala siku mbili ili tufike Pienza na Bagno Vignoni bila haraka. Siku yetu ndefu kabisa haikupita kilomita 40. Msomaji anayeendesha kilomita 60 za barabara ya Mombasa Jumapili ataona ni kidogo. Asidanganyike. Malindi ni tambarare, na Toscana ya kusini ni vilima juu ya vilima, miji mingi imejengwa juu na mito iko chini, kwa hiyo kila asubuhi unashuka ulichokipanda jana na kila mchana unapanda kingine. Montalcino iko mita 564 juu ya bahari, na Buonconvento unakotoka iko karibu mita 150. Ni kilomita 13 hivi za kupanda. Wawili wetu waliotoka Nairobi walikuwa wamezoea Ngong na hawakulalamika. Sisi wa pwani tulijizoesha kwa miezi mitatu barabara ya Marafa, na bado kuna mahali tulishuka tukasukuma. Kusukuma baiskeli si aibu. Mwambie kila mtu hivyo kabla hamjaondoka nyumbani, na umwambie mbele ya wengine.

Mjomba wangu, ambaye goti lake moja ni bovu, alikodi baiskeli ya umeme. Siku ya kwanza aliona haya. Siku ya tatu alikuwa ndiye anayerudi nyuma kumpelekea shangazi maji. Kama umri na nguvu zenu zinatofautiana sana, kodini moja au mbili za aina hiyo. Muhimu ni kuuliza mapema kama mnakolala kuna pa kuchaji betri.

Hakuna haja ya kusafirisha baiskeli kutoka Kenya. Kodi huko, na peleka urefu wa kila mtu kwa sentimita, kisha pima tena dukani kabla ya kulipa. Sisi tulipewa mbili kubwa kupita kiasi, tukazikubali kwa haya ya wageni, na dada mmoja aliumwa mgongo siku zote sita. Omba tairi pana, milimita 35 hadi 40, na gia nyepesi za mlimani. Kisha breki. Kwetu tunapita kushoto, na baiskeli zetu nyingi breki ya mbele iko mkono wa kulia. Italia wanapita kulia, na baiskeli nyingi za kukodi breki ya mbele iko kushoto, ingawa nyingine zimefungwa kinyume. Kila mmoja azungushe baiskeli yake uwanjani mpaka vidole vijue kipi ni kipi, kwa sababu kwenye mteremko hakuna muda wa kukumbuka, na ukiibana ya mbele peke yake kwa nguvu unaweza kuruka juu ya usukani. Nje ya miji sheria yao inawataka waendesha baiskeli wafuatane mmoja mmoja. Ukipita kwenye handaki, au giza likikukuta nje ya mji, lazima uvae fulana inayong'aa. Nambari ya dharura ni 112.

Tairi pana ni kwa ajili ya barabara nyeupe, strade bianche, ambazo mimi nazipenda kuliko kitu chochote nilichokiona huko. Ni barabara za changarawe ya rangi ya chokaa, zinazopita katikati ya mashamba ya ngano, na mwisho wa Mei ngano bado ina kijani na maua mekundu yamejiotea ndani yake. Gari ni chache. Unasikia changarawe chini ya tairi na ndege, basi. Mwaka 1997 wapenzi wa baiskeli za zamani walianzisha L'Eroica, msafara wa kila mwaka wa baiskeli hizo, huko Gaiole in Chianti, na moja ya shabaha zao ilikuwa kuzilinda barabara hizi zisitiwe lami. Njia yao ya kudumu ni kilomita 209 na ina vibao, kwa hiyo vipande vyake tulivifuata bila ya kupotea. Tangu 2007 mabingwa nao wana mashindano yao, yanayomalizikia Piazza del Campo, uwanja mkuu wa Siena. Kwenye changarawe punguza mwendo kabla ya kona, usibane breki ukiwa ndani yake. Na mvua ikinyesha, rudini kwenye lami. Udongo wa kule ni mfinyanzi. Ukilowa unashika tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Kuna jambo ambalo hatukuambiwa na mtu, nalo ni mbwa. Eneo lile ni la kondoo. Jibini ya Pienza, pecorino, ni ya maziwa yao, na kondoo hulindwa na mbwa weupe wakubwa wa Maremma. Mbwa hao hawana ubaya, wanafanya kazi. Mkisikia kengele za kondoo, kusanyikeni. Akija mbwa, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea taratibu bila kupiga kelele wala kukimbia, na usikate katikati ya kundi. Anakusindikiza mpaka mwisho wa malisho yake, kisha anarudi.

Chakula kilitusumbua mwanzoni kwa sababu ya saa. Jikoni hufunguliwa saa sita na nusu mchana hadi saa nane na nusu, kisha hufungwa hadi saa moja na nusu usiku, na maduka ya vijijini nayo hufunga mchana. Kikundi chenye njaa kikifika saa tisa kitakuta milango imefungwa. Tembeeni na mkate, jibini na matunda. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Usidhani mwokaji amesahau. Kwa sisi Waislamu, neno la kwanza ni senza maiale, bila nguruwe, na la pili ni strutto, mafuta ya nguruwe, ambayo huingia hata kwenye baadhi ya mikate na keki. Supu za mboga pia huulizwa. Chakula kilichotuokoa ni pici all'aglione, tambi nene zinazosokotwa kwa mkono, na mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu. Malindi tumekua na Waitaliano, Kiitaliano cha ufukweni tunacho, na hakuna mahali tulipouliza kwa adabu tukajibiwa vibaya.

Mwezi wa Mei jua huzama saa mbili na nusu usiku. Unasema usiku, na mwanga bado umejaa bondeni. Tulizoea kula, kisha kungoja Magharibi nje, mikeka imetandikwa kwenye nyasi. Na tulipopanga kuondoka "saa mbili", shemeji yangu Mwitaliano alielewa saa nane mchana, akalala. Kama kundi lina wageni, andikeni saa kwenye karatasi.

Pesa tuliweka kwenye mfuko mmoja. Kila asubuhi kila mtu anatoa kiasi kilekile, mweka hazina mmoja analipa kahawa, maji, chakula cha mchana, na ile ada ya mezani wanayoiita coperto. Kinachobaki ni cha kesho. Vyumba kila mtu alijilipia. Hatukugawana bili hata mara moja na hatukugombana hata mara moja.

Tulilala kwenye agriturismo, yaani nyumba za wakulima wanaopokea wageni. Zina vyumba vichache, kwa hiyo watu wanane waandike nafasi miezi mitano au sita kabla. Uliza kama wanapika jioni. Ya kwanza tuliyoichukua haikupika, na mkahawa wa karibu ulikuwa kilomita sita, zote za mlima, na giza linaingia. Mizigo mikubwa ilipelekwa na gari kutoka nyumba hadi nyumba. Tulilipia huduma hiyo na sijutii hata senti.

Visa ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, huombwa na kila mtu peke yake, hata mkisafiri kundi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ombeni mapema kadiri mnavyoweza. Tulipaswa kuwa tisa. Visa ya mwenzetu mmoja ilitoka siku tatu baada ya sisi kuruka. Ndiyo maana nasema chukueni vyumba vinavyoweza kughairiwa bila kupoteza fedha.

Kuhusu nguo nitasema kidogo tu. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, na Vaselini ni rafiki. Dada zetu walivaa suruali ya kubana ndefu, shati pana juu, na mtandio mwepesi chini ya helmeti. Kitambaa chochote kinachoning'inia kikae mbali na cheni.

Siku ya mapumziko nendeni Bagno Vignoni. Mahali pa uwanja wa kijiji pana bwawa la maji ya moto. Bwawani hairuhusiwi kuingia, lakini maji hutoka kwa mifereji hadi ukingo wa bonde, yakiwa yamepoa kidogo, na hapo mtu huketi akatia miguu. Shangazi alikaa hapo saa mbili.

Siku ya mwisho tulishuka hadi Buonconvento kupanda treni ya kurudi Siena. Treni za mikoani huchukua baiskeli kwa tiketi ndogo ya ziada, lakini nafasi za baiskeli ni chache, wanane hamtaenea. Tukajigawa. Wanne tulitangulia, mfunga msafara akabaki na shangazi na wengine. Tulikaa stesheni ya Siena kwenye benchi tukingoja treni ya pili. Ilipoingia walishuka mmoja mmoja, shangazi wa mwisho. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaketi kati yetu, akavua viatu. Mjomba akatazama saa yake, akaanza kuhesabu zile dakika kumi.