Dyna yangu asubuhi haiwaki, fundi anasema ni pampu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Dyna injini ya 3L nabebea viazi huku Njombe. Jioni naipaki ikiwa nzima kabisa, asubuhi napiga stata mpaka betri inalegea ndo inawaka, ikiwaka inatetemeka inazima, nikiwasha tena inakaa sawa na mchana kutwa haina shida hata niizime mara kumi. Nimebadili hita plagi zote nne nikijua ni baridi ya huku, wapi. Kwenye nozeli kuna unyevunyevu na harufu ya dizeli naisikia mpaka kabini. Fundi wa hapa anasema pampu kubwa ya dizeli imechoka, nitoe laki nane. Nifanyeje?
Dereva, Njombe

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hiyo laki nane ishike kwanza, maana dalili ulizoandika mi naona zinaelekea kwenye paipu ya ritani, ile inayopita kwenye nozeli zote nne. Nozeli, ile inayopulizia dizeli ndani ya injini, haipulizi dizeli yote inayopokea, kuna kidogo kinapenya pembeni ya sindano, kinailainisha, afu kinatoka kupitia ritani kurudi tangini. Presha yake ni ndogo sana ndo maana watu wanaidharau. Sasa zile washa, yaani vipete vya kuzibia vilivyo chini ya ritani, zikichoka au hozi yake ya mpira ikipasuka, injini ikiwa inatembea utaona unyevu tu, ila gari ikilala upepo unaingia hapohapo na dizeli inateremka tangini kwa uzito wake, asubuhi pampu inakuta upepo.

Kesho kabla hujagusa stata fungua boneti, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, ndo uwashe. Ikishika mara moja basi jua dizeli ilikuwa imerudi usiku, pampu kubwa haina kosa bado. Angalia na moshi pia: ukipiga stata ikatoa moshi mweupe bila kuwaka, dizeli inafika ila haipati joto, hapo ndo unahangaika na hita plagi. Isipotoa moshi wowote maana yake dizeli haijafika. Kitu kidogo hiki kingekuokolea hela ya zile plagi nne, na inaniuma kweli nikiona dereva anauziwa pampu kabla mtu hajafuta hata injini na kitambaa akaangalia panapolowa.

Kwenye kubadilisha, osha kwanza. Chukua brashi na dizeli safi sugua pale kote kwenye nozeli ukaushe, maana punje moja ya mchanga ikiingia kwenye paipu ya presha inaua nozeli. Kwenye 3L paipu za presha zinakaa juu ya ritani kwa iyo lazima zitoke kwanza, na kila tundu unaloacha wazi lifunike na nailoni safi. Afu fungua nati nne za ritani, itoe taratibu usiipinde. Washa za chini yake weka mpya zote nne, usikubali fundi akwambie tunazigeuza, washa iliyokwisha kubanwa haishiki tena sawasawa na kesho mtarudi palepale. Paipu yenyewe iangalie kwenye maungio kama ina ufa. Hozi ya mpira nenda nayo dukani kama sampo, omba ya dizeli, wala usichukue ya maji hata ikienea, dizeli inaivimbisha inakuwa laini kama ndizi mbivu. Na klipu mpya.

Kuna kosa moja nimeliona zaidi ya mara moja, mtu akifungua na boliti za pampu kubwa, zile zinazoshika paipu ya kuingiza na ya kutoa dizeli, anazichanganya. Ile ya kutolea imeandikwa OUT na ndani ina kitundu kidogo sana, ukiiweka upande wa kuingilia injini itakosa dizeli na utaanza kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe.

Ukisharudisha kila kitu, bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, legeza nati za paipu za presha upande wa nozeli, mtu apige stata mpaka dizeli itoke bila mapovu ndo ukaze. Stata ipumzishe, usiipige mfululizo. Na nakuomba sana mikono ikae mbali na zile nati, usije ukaziba dizeli ya presha na kidole, inatoboa ngozi ikaingia mwilini na hiyo ni hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda kinaonekana kama cha sindano.

Hata ungekuwa hausumbuki asubuhi mi ningekwambia uitengeneze, dizeli inayodondokea mkanda na mpira wa injini inavioza, na ikifikia manifoldi ya moto, pale moshi unapotokea kwenye injini, gari linaweza kuwaka na viazi vyako.

Ukimaliza tandika boksi kavu chini ya injini usiku mbili. Likibaki kavu na nozeli zikawa kavu lakini gari bado inagoma asubuhi, nenda kwenye hozi za kutoka tangini kuja filta na ile pampu ya mkono yenyewe, diaframu yake, ule mpira mwembamba wa ndani, ikichanika inavuta upepo bila kudondosha hata tone. Zote hizo zikiwa nzima ndo umrudie fundi wako mzungumze habari ya pampu.