Mabuu kwenye samadi, mikato kwenye makuti: nani anayekula mnazi?

SWALI

Assalamu aleikum mtaalamu. Nyuma ya nyumba yetu Kisauni nina minazi tisa ya miaka mitatu, na sita mikubwa iliyopandwa zamani na wazee. Ile midogo, kila kuti jipya linafunguka likiwa limekatwa kama kwa mkasi, na mmoja umedumaa kabisa. Wiki jana nilifukua lundo la samadi iliyochanganyika na vumbi la mbao na makuti mabovu, nikakuta mabuu weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja. Jirani anasema ndio wanaokula mizizi, nimwage dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimwage? Na ile mikubwa nayo inaangusha vidaka, zile nazi changa, kila siku. Ni mdudu huyo huyo?

Msomaji, Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam. Dawa ya ng'ombe iache kwenye chupa yake. Buu wa kwenye samadi hali mzizi wala kuti. Chakula chake ni kilichooza tu. Wanaokata makuti yako ni wazazi wake, nao wanajificha ndani ya kilele cha mnazi. Mdudu ni mmoja, lakini kila umri wake una makao na chakula chake. Ukimwinda pale ambapo hayupo, dawa itakwisha na mnazi utakufa. Vidaka ni kesi nyingine, ya mdudu mwingine kabisa, nitaifikia.

Huyu wa makuti ni chonga, kwa jina la kitaalamu Oryctes monoceros. Ni jamii ya mbawakawa, kundi kubwa kuliko yote ya wadudu: katika aina milioni moja hivi za wadudu zilizokwisha kupewa majina, karibu laki nne ni mbawakawa. Chonga mzima ana urefu wa sentimita 4 hivi, rangi ya kahawia iliyokoza hadi weusi, na pembe moja kichwani iliyopinda kuelekea nyuma. Pembe ya dume ni ndefu. Ya jike ni fupi, na ncha ya tumbo la jike ina manyoya mengi. Mabawa ya juu ni magumu, ni kifuniko. Ya kurukia yamekunjwa chini yake. Tazama miguu ya mbele: mipana, yenye meno ubavuni. Kwa miguu hiyo na taya zake anachimba kutokea kwenye kwapa la kuti, yaani pale kuti linaposhikana na mti, anapasua nyama laini ya kilele na kufyonza maji yake. Nyuzi hazimezi, anazisukuma nje. Ukiona machicha mabichi yametoka kwenye tundu, jua yumo.

Ule mkato wa umbo la V una siri yake. Kuti likiwa bado changa limefumba, vijani vyote vimelaliana kama karatasi iliyokunjwa. Tundu moja likipita katikati, vijani vingi hukatika kwa mpigo. Kuti likifunguka, mikato inatokea pande zote mbili ikilingana. Kwa hiyo unachokiona leo kilitendeka wiki nyingi zilizopita, na kupuliza dawa juu ya kuti lililokwisha funguka hakumgusi mtu yeyote isipokuwa wewe unayeivuta. Makuti peke yake hayaui mnazi. Hatari ni tundu kufika moyoni, maana mnazi hauna tawi la akiba: una kichipukizi kimoja tu, na kikiliwa, basi. Minazi ya chini ya miaka mitano ndiyo hufa zaidi kwa sababu moyo wake uko karibu na ni laini. Huo uliodumaa uuvute kwa upole kuti la katikati. Likichomoka lenyewe, limeoza na linanuka, usipoteze muda nao, ung'oe uupasue.

Sasa mabuu. Jike hutaga mayai meupe ya milimita 3 hivi ndani ya kitu kinachooza: gogo la mnazi, samadi, vumbi la mbao, lundo la makumbi. Yai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 14. Buu hupitia hatua tatu, akijivua ngozi kati ya moja na nyingine, na ya tatu ndiyo ndefu na ya ulafi. Hapo anaweza kupita sentimita 6. Baada ya miezi mitatu hadi mitano anajitengenezea chumba cha uchafu uliogandamana, anageuka pupa, hatua ya kutulia kati ya buu na mdudu mzima, na wiki tatu hivi baadaye anakuwa mdudu mzima. Bado hatoki. Hukaa humo wiki mbili au zaidi mpaka gamba ligande. Hesabu yote, kutoka yai hadi anaporuka usiku kutafuta mnazi, ni miezi mitano au sita. Joto na chakula huisogeza mbele au nyuma. Akisha kutoka huishi miezi kadhaa mingine akila na kutaga.

Kabla hujaua kila cheupe, hakikisha ni mtoto wa chonga. Lundo lile lile linaweza kuwa na mabuu wa mbawakawa wa maua, ambao wanakusagia mboji bure. Waweke wote juu ya ubao ulionyooka, kivulini, usubiri dakika moja. Wa mbawakawa wa maua hujipindua akatambaa kwa mgongo, miguu ikitazama juu. Wa chonga hafanyi hivyo. Hulala ubavu, akijikunja na kujisukuma. Wote wawili wana miguu mitatu kila upande karibu na kichwa, na matundu ya hewa tisa ubavuni: moja kifuani, manane tumboni. Kichwa cha mtoto wa chonga ni kikubwa, kigumu, cha kahawia iliyokoza. Ukikuta buu asiye na mguu hata mmoja, mnene katikati, ndani ya shina la mnazi lenyewe, huyo ni fukusi wa mnazi, na habari yake ni mbaya zaidi. Yeye akiwa buu ndipo anapokula mnazi ulio hai, na mama yake hupenda kutaga kwenye majeraha yaliyoachwa na chonga.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kumtoa chonga na kuliziba tundu siku hiyo hiyo. Chukua waya mgumu wa sentimita 40 hivi, ncha yake ipinde iwe ndoana ndogo. Asubuhi kagua kwapa za makuti matatu au manne ya juu na upande wa ndani wa kilifu, ule wavu wa nyuzi unaozunguka mashina ya makuti. Tundu la chonga linaingia kidole. Pitisha waya taratibu ukifuata njia yake, usisukume kwa nguvu kuelekea moyoni, maana watu wengi huumaliza wenyewe mnazi ambao chonga alikuwa hajaumaliza. Ukigusa kigumu kinachosogea, au ukasikia mlio mkavu wa kukwaruza, choma na kuvuta. Kisha jaza tundu mchanga mkavu, juu yake bandika udongo wa mfinyanzi. Rudia ukaguzi kila wiki kwa minazi yote tisa.

Kwapa nazo zijazwe. Twanga makapi ya mbegu za mwarobaini yaliyobaki baada ya kukamuliwa mafuta, changanya na mchanga laini kiasi sawa kwa sawa. Kipimo kinachotumika kwa mnazi uliokomaa ni gramu 250 za makapi na gramu 250 za mchanga, zikigawanywa kwenye kwapa tatu za juu, mara tatu kwa mwaka. Minazi yako ya miaka mitatu nusu ya hapo inatosha. Usijaze katikati, kuti changa linapochomoza. Mvua kubwa za Aprili na Mei huosha kila kitu, kwa hiyo weka upya zikipungua. Ukikosa makapi, mchanga mkavu peke yake una faida: humkwaruza kwenye maungio ya miguu na shingo.

Nyavu kuukuu za wavuvi, zile za nailoni nyembamba, hazikosekani kwenye bandari za wavuvi hapa Mombasa, na chonga hazivuki. Zungushia kipande kwa ulegevu kwenye mashina ya makuti ya juu. Miba ya miguu na pembe hunasa, asiweze kusonga mbele wala kurudi. Tandaza kingine juu ya lundo la samadi, kizibe hadi chini, kumnasa anayekuja kutaga na anayetoka. Kagua kila siku mbili, kwani mijusi na ndege hunasa pia.

Lundo lenyewe nalo lisikae miezi sita bila kuguswa, kwa sababu huo ndio muda anaouhitaji chonga. Lipindue lote hadi chini kila baada ya wiki sita, na siku hiyo wafungulie kuku. Buu wa hatua ya kwanza na ya pili hawatakuponyoka, na wa tatu hatapata nafasi ya kuwa pupa. Mboji iliyopangwa vizuri, yenye majani mabichi na unyevu wa kutosha, hupanda joto hadi nyuzi 50 na zaidi katikati, na buu hastahimili. Lakini kingo hubaki baridi, na huko ndiko anakokimbilia, hivyo upinduapo ya pembeni yaende katikati. Vumbi la mbao lipunguze, halipandi joto haraka na yeye analipenda. Ukiokota buu mgumu aliyefunikwa unga wa kijani, usimtupe: ameuawa na kuvu aitwaye Metarhizium, na unga ule ni mbegu zake. Mvunjevunje umrudishe kwenye lundo sehemu yenye unyevu na kivuli.

Lakini sidhani samadi yako ndiyo chanzo kikuu. Mara nyingi ni mnazi mfu uliobaki umesimama, wako au wa jirani. Kilele kikianguka, shina huoza kutoka juu kuja chini na kulea kizazi baada ya kizazi kwa miaka miwili au zaidi, juu kabisa ambako kuku hafiki. Ukiwepo, uangushwe, ukatwe vipande, kila kipande kipasuliwe katikati kikauke juani, kisha kiwe kuni. Kung'ang'ana na lundo huku gogo la namna hiyo limesimama ni kufua nguo na kuianika topeni. Ongea na jirani huyo huyo aliyekushauri dawa.

Kuna pia ndoo za mtego zenye harufu ya kutengenezwa, ileile ambayo dume huitoa kuwaita wenzake. Zinafanya kazi, ila kwa viwanja vidogo vya Kisauni sizipendelei: huvuta chonga wa mtaa mzima waje kwako, na wengine hushukia minazi kabla ya kufika kwenye ndoo. Wenye shamba kubwa waulize kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kilichoko Mtwapa, ambacho hushughulika na minazi.

Sasa vidaka. Kwanza, mnazi hupukutisha wenyewe sehemu kubwa ya vidaka vyake, mara nyingi zaidi ya nusu, katika miezi miwili ya mwanzo. Okota ishirini uvikague, ukibandua na yale magamba ya kwenye kikonyo. Ngozi ikiwa safi, ni upungufu wa maji au chakula, au ni kawaida tu. Ukiona madoa marefu yaliyobonyea, meusi, yenye utomvu uliogandana, hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi. Baka la pembetatu linaloanzia chini ya magamba na kupauka ni la utitiri, ambaye si mdudu. Ana miguu minne.

Kunguni wa minazi hana buu wala pupa. Kutoka yaini hutoka tunutu anayefanana na wazazi wake, ila hana mabawa. Hujivua ngozi mara tano, mabawa yakirefuka kidogo kidogo, na kwa wiki tano au sita hivi amekomaa. Hana taya. Ana mrija wenye sindano ndani, anaochomea upunga (maua ya mnazi) na vidaka na kuingiza mate yanayoua nyama ya kidaka pale alipochoma. Mkubwa kwa mdogo wanakula kitu kimoja mahali pamoja, kwa hiyo hakuna lundo la kusafisha wala tundu la kuchokoa. Na hawahitaji kuwa wengi: wachache tu katika kilele kimoja wanatosha kumaliza mazao yake. Kupuliza dawa juu ya mnazi mrefu ni kazi ya hatari, na kama unauza madafu au mgema anatega humo, ni sumu kwenye kikombe cha mtu.

Dawa yake ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwenye miembe na mindimu. Hushona kwa uzi wa hariri unaotoka kwa watoto wao: mfanyakazi humshika buu kwa taya na kumpitisha kati ya kingo mbili za majani. Mnazi wenye maji moto wengi hauna kunguni. Kuwahamisha, kata viota vyote vya kundi moja alfajiri kukiwa baridi, vitie gunia, uvifunge kwenye kilele kabla jua halijakali. Usichanganye makundi ya miti tofauti, watauana. Kundi zima lina malkia mmoja, mara nyingi katika kiota cha juu. Ukimwacha, wafanyakazi watadhoofika baada ya miezi. Unganisha minazi kwa kamba ili wavuke bila kushuka chini, kwa sababu chini wanangojwa na chungu wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, wanaoishi kwenye mashina na kuwafukuza maji moto. Hao wadogo hustawi zaidi pale ardhi inapokwanguliwa ikawa jeupe. Acha nyasi fupi na magugu madogo chini ya minazi mikubwa. Kwangua tu duara la mche.

Mkwezi atalalamika kwamba wanauma. Ajipake majivu ya kuni mikononi na miguuni kabla ya kupanda.