Mzee ana virusi kifuani: siku ya tatu, sindano bado ya nini?

Mzee wa miaka 78 amelazwa, anakohoa, anahema juujuu, na kipimo kimeonyesha virusi vya influenza au UVIKO-19. Mara nyingi kabla shuka halijatandikwa ameshachomwa sindano ya seftriaksoni, antibiotiki ya kuua bakteria, gramu moja. Kuianza si lazima liwe kosa, kwa sababu nimonia ya bakteria kwa mzee hujificha: huenda asiwe na homa kabisa, akawa amechanganyikiwa tu na kukataa chakula. Kosa hutokea siku ya tatu, sindano inapoendelea kwa kuwa hakuna aliyejiuliza kama bado inahitajika.

Kwa hiyo siku ileile ya kwanza andika kwenye faili sababu ya kuanza dawa na tarehe ya kuipitia upya, saa 48 hadi 72 baadaye. Damu ya kuotesha bakteria maabara itolewe kabla ya dozi ya kwanza. Dawa ikitangulia, bakteria waliokuwepo huenda wasiote na utabaki gizani.

Siku ya kupitia ikifika, usidanganywe na rangi ya makohozi. Ukijani huletwa na chembechembe nyeupe za damu, na virusi navyo huziita. CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, pia hupanda kwa virusi vitupu. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, pale inapopimwa, husaidia zaidi: ikiwa chini ya nanogramu 0.25 kwa mililita, picha ya kifua haina doa jipya na mgonjwa ametulia, simamisha. Kumbuka tu kwamba figo dhaifu huweza kuipandisha bila bakteria yeyote.

Anayestahili kuendelea ni yule aliyeanza kupata nafuu, kisha homa ikamrudia na picha ikaonyesha sehemu ya pafu imejaa. Hapo bakteria wamefuata nyuma ya mafua. Hata hivyo, kwa nimonia ya kawaida siku 5 hutosha akiwa ametulia.

Madhara kwa mzee ni makubwa kuliko tunavyozoea kudhani. Antibiotiki nyingine, azithromaisini, huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Levofloksasini, nayo antibiotiki, huweza kumchanganya akili, kukata kano za kisigino, na kushusha sukari kwa anayemeza glibenklamidi, dawa ya kisukari. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe mapema INR, yaani kipimo cha kuganda kwa damu. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, hata ikiwa “ya kawaida” nayo hudanganya: mama wa miaka 80 mwenye kilo 45 na kreatinini miligramu 1.0 kwa desilita, ukikokotoa kwa kanuni ya Cockcroft-Gault, figo zake zinasafisha mililita 32 tu kwa dakika. Hata oseltamiviri, dawa ya virusi vya influenza inayofaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, kwake ishuke kutoka miligramu 75 hadi 30, mara mbili kwa siku, kwa siku 5.

Ndugu watauliza mbona mgonjwa wao amekatiwa dawa. Waambie: “Mama ana virusi, na sindano hii haiviui. Tunaendelea na oksijeni, tunamkalisha, tunampa maji, na tutamhesabia pumzi kila baada ya saa nne.” Zikifika 30 kwa dakika, au oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, daktari aitwe usiku huohuo.