Mfuko wa Shabiki: Maswali Yenu Kuhusu Tiketi

Maswali mengi ya safari hii yamehusu fedha inayomtoka shabiki kabla hata filimbi haijapulizwa. Nimechagua machache, nimeyafupisha, na majina ya waliouliza nimeyaacha.

Swali: Ndugu mwandishi, mechi nyingine za ligi naumudu mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, bila shida. Ikifika ya watani, Simba na Yanga, kiingilio kinapanda wakati kiti ni kile kile na geti ni lile lile. Kwa nini? (Mbagala, Dar es Salaam)

Jibu: Kwa sababu wanajua utakuja. Muuza sukari akipandisha bei unavuka barabara, unanunua kwa jirani yake. Mtu wa Yanga hawezi kuvuka kwenda Msimbazi eti kwa sababu huko kiingilio ni nafuu, na wa Simba hawezi kwenda Jangwani. Anayepanga bei analijua hilo, na ndiyo maana nasema kinachotozwa siku ya watani ni mapenzi yako, wala si kiti.

VIP A ikipanda sina neno. Wengi wanaokaa kule hawaitoi fedha mfukoni mwao. Lakini mzunguko uachwe. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000, na kelele zinazomtisha mgeni kutoka Cairo au Casablanca hazitoki VIP. Zinatoka kwa waliofika saa nne asubuhi na jezi zao, wakakaa juani nje ya geti wakisubiri lifunguliwe. Ukiwapandishia hao, ujue umemgusa mchezaji wako wa 12.

Swali: Mimi natoka Morogoro. Tarehe 8 Machi 2025 nilishakata tiketi ya Yanga na Simba, nauli nimelipa, nimefikia kwa shemeji yangu Temeke. Mechi ikaahirishwa siku ile ile. Mpaka leo inaniuma. Nani alitakiwa kunifidia?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kwa ambao hawakumbuki: usiku wa kuamkia mechi ile Simba walizuiwa kuingia Mkapa kufanya mazoezi, nao wakasema kanuni inampa mgeni haki hiyo, kwa hiyo hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku yenyewe. Yanga walikwenda uwanjani hata hivyo. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa.

Katika miezi ile yote tulibishana kuhusu pointi. Nani apewe mezani, nani akatwe, kanuni ipi imevunjwa, nani alimzuia nani getini. Redio zilijaa wachambuzi asubuhi hadi usiku. Wewe uliyetoka Morogoro ulitajwa kwa nadra, kana kwamba nauli yako haikuwa sehemu ya hasara.

Ninavyoona mimi, tiketi ni mkataba. Umelipa, umeahidiwa mchezo siku fulani, saa fulani. Mchezo ukihamishwa, shabiki apewe nafasi ya kuchagua moja kati ya mawili: arudishiwe fedha yake yote, au tiketi itambuliwe siku mpya. Kuchagua kuwe juu yake, kwa sababu huyo wa Morogoro huenda Juni hana ruhusa kazini. Nauli na malazi ni vigumu kudai, nakubali, maana hakuna risiti inayoonyesha ulikuja kwa ajili ya mpira tu. Lakini fedha ya tiketi inayolipwa kwa simu ina kumbukumbu, tena inaweza kurudi kwenye namba ile ile iliyotoka. Hakuna sababu ya kiufundi ya kushindwa. Nataka utaratibu huo uandikwe kwenye kanuni za ligi kwa lugha ambayo hata wewe na mimi tutaielewa, kama zinavyoandikwa faini za timu inayochelewa kuingia uwanjani. Kwa sasa, tunza ujumbe wa muamala wa kila tiketi unayonunua. Usiufute mpaka mechi iishe.

Swali: Kwa nini klabu zisifungulie watu bure mara moja moja, kama shukrani? (Tabora)

Jibu: Nia ni njema, ila utekelezaji una hatari. Juni 28, 2016 Yanga waliruhusu watu kuingia bure kuwaona wakicheza na TP Mazembe. Umati ulikuwa mkubwa mno na wengi walibaki nje. Bure isiyo na tiketi haina hesabu, na umati usio na hesabu unaua watu. Kama klabu inataka kushukuru, itoe tiketi za bure zenye namba, igawe kupitia matawi, na ikomee pale viti vinapokomea.

Swali: Mzee wangu ananiambia Waingereza waliwahi kutoka uwanjani mpira ukiendelea kwa sababu ya bei. Mimi shabiki wa Liverpool na sikuwahi kulisikia. Kweli? (Arusha)

Jibu: Kweli kabisa, mpe shikamoo mzee. Ilikuwa Februari 6, 2016, Anfield, Liverpool dhidi ya Sunderland. Wamiliki walikuwa wametangaza kwamba msimu unaofuata tiketi ya juu kabisa itakuwa pauni 77, kutoka 59. Mashabiki wakakubaliana: dakika ya 77 tunanyanyuka. Na ilipofika, watu wanaokadiriwa kufika 10,000 walisimama, wakashuka ngazi, wakaondoka. Liverpool walikuwa wanaongoza 2-0. Mpaka filimbi ya mwisho Sunderland walikuwa wamesawazisha yote mawili.

Fikiria ugumu wake. Timu yako inaongoza, nyumbani kwako, na wewe unaipa kisogo ukiwa unaipenda. Siku 4 baadaye wamiliki waliomba radhi, wakafuta ile bei ya 77 na kuzuia bei zisipande kwa misimu 2. Mwezi uliofuata klabu zote 20 za Ligi Kuu zikakubaliana kwamba tiketi ya shabiki mgeni isizidi pauni 30, na kikomo hicho hakijapandishwa hadi sasa. Haya hayakuanza siku moja. Kabla yake kulikuwa na miaka ya kampeni, na mwaka 2013 Manchester City walirudisha mamia ya tiketi walizotengewa kwa Arsenal kwa sababu kila moja iliuzwa pauni 62 na watu wao hawakuzitaka.

Nakiri pia kwamba vita haijaisha kule. Mwishoni mwa 2024 Manchester United, msimu ukiwa katikati, waliweka bei moja ya pauni 66 kwa tiketi zilizobaki, mtoto na mstaafu wakilipa sawa na mtu mzima mwenye kazi. Watu waliandamana nje ya Old Trafford. Julai 2025 Uingereza ikapata sheria mpya ya kusimamia soka, na bei ya tiketi ni mojawapo ya mambo ambayo klabu itatakiwa kushauriana na mashabiki wake. Sisi hatuna hata kikao cha kushauriana kuhusu bei.

Swali: Nina watoto wawili wa kiume, wa miaka 7 na 10. Nikiwapeleka Mkapa nalipa tiketi 3 kamili, daladala, maji, na chipsi za kuwanyamazisha. Nimeacha. Nakosea? (Mama wa Tandika)

Jibu: Hukosei, mama. Anayekosea ni anayeangalia mapato ya Jumamosi hii akasahau ya mwaka 2040. Mtoto anayeingia uwanjani akiwa na miaka 7 hatoki tena moyoni, ukubwani atanunua jezi, atalipia kadi ya uanachama, naye atawaleta wa kwake. Nusu bei kwa mtoto anayekuja na mzazi ingeshindikana vipi?

Na hilo la daladala ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu tunapozungumzia kiingilio tunasahau barabara. Ujerumani klabu nyingi, Borussia Dortmund wakiwamo, tiketi ya mechi ndiyo nauli ya treni na basi la eneo lile siku hiyo. Jukwaa lao la kusini, lile la njano, linabeba watu wapatao 25,000 waliosimama, kwa bei ambayo kijana wa kiwandani anaimudu. Dar es Salaam sasa kuna mabasi ya mwendokasi na mifumo ya kadi. Klabu, Bodi na wenye mabasi wakikaa meza moja, tiketi ya mechi inaweza kumrudisha mama na wanawe Tandika bila kugombania daladala saa nne usiku.

Swali: Walanguzi je? (Kinondoni)

Jibu: Mfumo wa N-Card, kadi ya kielektroniki inayowekwa tiketi, umewapunguzia nafasi, lakini pale nje ya geti bado utamkuta kijana anayekuambia kadi yake "imeshawekwa tiketi". Usimpe fedha. Huna namna ya kujua kilichomo mpaka geti likukatae, na wakati huo yeye yuko Keko.

Swali: Mimi Simba tangu darasa la pili. Siku hizi mechi naangalia kibanda umiza, nalipa kidogo, naona vizuri. Wenzangu kazini wananiita shabiki maandazi. Nimeisaliti timu? (Mwanza)

Jibu: Hapana, na wasikunyanyase. Kutoka Mwanza hadi Temeke ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Ushabiki ungepimwa kwa idadi ya tiketi, basi tajiri angekuwa na mapenzi kuliko wewe, jambo ambalo halipo. Pia kibandani unachangia: mkataba wa Azam wa kurusha mechi za ligi kwenye televisheni, wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umesimama juu ya watu kama wewe wanaotaka kuangalia.

Ila nina ombi. Klabu zetu bado zina kitu ambacho Waingereza walikipoteza zamani: matawi, yenye wenyeviti, makatibu na wanachama wenye kura. Tawi lako la Mwanza likiitisha kikao kabla ya msimu, nenda na hoja moja iliyoandikwa kwenye karatasi, uiombe iingizwe kwenye kumbukumbu na ipelekwe makao makuu: viingilio vya mzunguko kwa mechi zote za nyumbani vitangazwe kabla ligi haijaanza, visibadilishwe katikati.