Mbona chama kimoja wanararuana hivyo?

SWALI: Asalaam aleikum ndugu mhariri, mimi msomaji wako wa Shela, Malindi. Barazani kwetu kila baada ya isha tunabishana kuhusu Republican wa Marekani, wote wanajiita wahafidhina lakini mchujo wa kumpata mgombea urais ukifika wanatukanana kama maadui. Na 2016 Trump aliwapitaje wenzake wote wale?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hicho chama ni kimoja kwa jina tu, ndani mna mabaraza kadhaa, kuna walokole ambao kwao jambo kubwa ni kupinga utoaji mimba, kuna wafanyabiashara wanaotaka kodi ishuke, na kuna wale waliochoshwa na wakubwa wa chama, hawa walivuma sana tangu Tea Party ya 2009, vuguvugu la kupinga kodi na matumizi makubwa ya serikali. Sasa 2016 wagombea walikuwa 17, hebu fikiria! Ted Cruz akachukua jimbo la Iowa kwa kura za walokole, John Kasich akashinda kwao Ohio, huku Jeb Bush na Marco Rubio wananyang'anyana watu walewale. South Carolina Trump alipata kama asilimia 32 tu na bado akazoa wajumbe wote 50, wale wanaomchagua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, maana sheria yao pale anayeongoza jimbo zima anabeba wajumbe wa jimbo, na anayeongoza kila eneo la ubunge anabeba wa eneo hilo, naye akaongoza kote. Mimi lawama nawapa wakubwa waliokataa kuachiana mapema, hata kwetu kwenye nominesheni za MCA, wawakilishi wa wadi, tunayaona hayo, ndugu wanne wa mtaa mmoja wanagawana kura wa tano anapita. Bush alijitoa usiku uleule wa South Carolina lakini Kasich aling'ang'ania mpaka Mei, mambo yashaharibika.