Anza na masikio, tabia itafuata

Wewe unayeanza kazi katika zahanati au shule isiyo na mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, wengi utakaoletewa ni wasumbufu: anayepiga wenzake, asiyetulia kitini, anayetoroka darasani. Anayejiinamia pembeni haletwi, maana hamsumbui mtu. Huyo mtafute mwenyewe. Muulize mwalimu nani siku hizi hachezi.

Huyo aliyeletwa, anza na mwili wake. Masikio kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi, na masikio yanayotoa usaha ni mengi pale tiba iliko mbali. Kisha uliza habari za degedege na malaria iliyopanda kichwani, kwani wapo wanaopona wakabaki na kifafa, hasira au ugumu wa kutulia na jambo moja. Na si kila kifafa humwangusha mtu. Kuna kile cha kukodoa macho sekunde chache tu, mwalimu akadhani mtoto anaota ndoto za mchana.

Akiwa tayari anatibiwa kifafa, tazama dawa. Fenobabitali ni ya bei nafuu na hutumika sana, lakini yenyewe yaweza kumfanya mtoto ahangaike na awe mkali. Usiikatishe ghafla, degedege zaweza kurudi mfululizo. Mpeleke kwa anayeweza kuibadilisha taratibu.

Dodoso la SDQ (maswali kuhusu hisia na tabia za mtoto, hujibiwa na mzazi na mwalimu), alilotoa Robert Goodman mwaka 1997, lina vipengele 25 na linasaidia. Ila mipaka ya alama zake ilipatikana kwa watoto wa Uingereza, na halikupi jina la ugonjwa. Mimi huvutiwa zaidi pale majibu ya mzazi na ya mwalimu yanapopishana. Anayevuruga darasani tu huenda hajui kusoma na anaficha aibu.

Mzazi akisema mtoto ana pepo, usibishane naye. Uliza wameshafanya nini. Kama mtoto anafungwa kamba au anapigwa, hilo lishughulikie siku hiyohiyo.

Halafu mpe mzazi kazi ndogo: dakika chache kila siku za kucheza mchezo anaouchagua mtoto, na kumsifu kwa kutaja alichofanya, "umerudisha vikombe mahali pake", badala ya "mtoto mzuri". Mwambie mapema kwamba akianza kupuuza vituko vidogo, vitazidi kwanza kabla ya kupungua. Asipojua hilo, wiki ya kwanza haitaisha kabla hajarudia fimbo.