Unaanza kuangalia hoki ya barafuni? Acha kuitafuta paki

Wengi wakikaa kuangalia hoki ya barafuni mara ya kwanza wanabadilisha chaneli kabla kipindi cha kwanza hakijaisha, na lawama ni ile ile, mbona sioni mpira. Kwanza hakuna mpira, kile kidude cheusi cha raba ndo paki, kina gramu kama 170 hivi na wanakigandisha kabla ya mechi ili kisidundedunde, na shuti kali linaenda zaidi ya kilomita 150 kwa saa, sasa macho gani yatakiweza? Angalia watu. Mabeki wakianza kurudi kinyumenyume huku wanageuza vichwa upande mmoja, paki inakuja na upande huo. Golikipa akijibana kwenye nguzo ya kushoto basi hatari iko kushoto. Mimi nilipoanza kumfuata golikipa ndo nikaanza kuona magoli kabla hayajaingia.

Kitu cha pili, na hapa ndo utamu wenyewe ulipo, ni sabu. Kila timu ina watu sita barafuni, golikipa mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu, na hao watano wa mbele wanakimbia kama sekunde 45 tu halafu wanatoka wanaingia wengine, mechi ikiwa inaendelea, hamna kumsubiri refa wala kibao, mtu anaruka ukuta mwenzake anaingia. Kipindi cha pili kati ya vitatu ndo cha kukodolea macho maana timu zimebadilishana upande, benchi liko mbali na goli lao, kwa hiyo mabeki wakibanwa kule nyuma hawana pa kukimbilia, unawaona wameinama wameshika magongo kwa mikono miwili magotini, hoi, na goli linanukia.

Ukishaelewa hilo sheria ya aisingi inaeleweka yenyewe. Timu iliyochoka inatamani kubutua tu paki kutoka nusu yake hadi mwisho wa uwanja ipumue, ndo maana wakifanya hivyo refa anasimamisha, mchezo unaanzishwa upya karibu na goli lao na hawaruhusiwi kubadilisha wachezaji. Adhabu ya uchovu ni kuendelea kuchoka, bonge la sheria hilo. Ofsaidi nayo isikuumize kichwa, hakuna mshambuliaji kuvuka ule mstari wa bluu wa kuingilia eneo la wapinzani kabla ya paki, basi.

Mtu akicheza rafu ndogo anakaa nje dakika 2 na timu yake inabaki pungufu. Hapo weka simu chini. Wenye watu wengi wanatulia, wanapigiana pasi kuzunguka goli, na hapo hata mgeni anaona mpango unavyosukwa. Wakifunga, yule aliyefungiwa anarudi. Ngumi ndo zinavuta wageni wengi, kila mpiganaji anakaa nje dakika 5, ila kwa maoni yangu ndo sehemu inayochosha kuliko zote.

Ligi kubwa ni NHL, timu 32, 7 ziko Kanada na 25 Marekani, inaanza mwezi wa kumi na fainali inafika mwezi wa sita. Ushindi ni pointi 2, ukifungwa ndani ya dakika 60 huna kitu, ila ukifungwa muda wa nyongeza unaondoka na 1. Usihangaike kuchagua timu, chagua mchezaji. Ukimchukua Connor McDavid wa Edmonton Oilers mwangalie hata akiwa hana paki, anavyoongeza kasi wakati wenzake wanapunguza, timu itakuja tu.

Na kama mechi iko tofauti ya goli moja usiondoke dakika mbili za mwisho, maana anayefungwa anamtoa golikipa anaingiza mshambuliaji mwingine, goli linabaki tupu, aidha wasawazishe au wapigwe la pili kutoka mbali kabisa.

Zikifika mechi za kuwania Stanley Cup, yaani kombe la bingwa wa NHL, zinabaki timu 16, wa kwanza kushinda mechi 4 anasonga, na sare haimalizwi kwa penalti, wanaongeza vipindi vya dakika 20 mpaka goli lipatikane. Mwaka 1936 Detroit Red Wings na Montreal Maroons walifika kipindi cha sita cha nyongeza, ikaisha 1-0. Kwa hiyo kama kesho una kazi asubuhi, panga mapema.